Unyoya Uliotoka Farsta

Farsta, Stockholm
19 Oktoba 1969

Dada Paskalia,

Shikamoo. Barua yako ya Agosti nimeisoma mpaka mikunjo yake imechakaa. Mimi mzima. Baridi imenishika masikio, lakini tumbo linakula na kichwa kinashika masomo, kwa hiyo mwambie baba asiuze mbuzi hata mmoja kwa ajili yangu. Nimepanga chumba kwa mama mmoja mjane anayenipikia viazi siku saba kwa juma. Nikiota ndizi za nyumbani naamka nimeng'ata mto. Vipi goti la baba? Vipi darasa lako la nne, bado wanakuita Mwalimu Fimbo?

Sasa jambo lenyewe. Hapa chuo cha misitu tunafundishwa kwamba msitu si miti peke yake, ni pamoja na wanaokaa ndani yake. Majira haya, majani yanapopukutika, kuna kikundi cha watu tisa wanaokwenda msituni kila Jumamosi kutazama bundi. Usicheke. Kiongozi wao ni Bwana Lindkvist, fundi saa aliyestaafu, mrefu kama nguzo ya simu. Aliponialika niliogopa kwenda, nikaogopa zaidi kuonekana mwoga, basi nikaenda. Tulipanda treni mpaka Jakobsberg, tukatembea mpaka kwenye misonobari, na saa kumi alasiri, jua bado lipo, nikamwona bundi mdogo kama ngumi yangu amekaa kileleni. Alinitazama kama mkaguzi wa shule. Nilirudi chumbani nikingoja baya. Sikupata baya lolote ila mafua.

Tangu siku ile nimenasa. Nakwenda kila Jumamosi, na Bwana Lindkvist anasema nina masikio kuliko wote. Nimekutilia humu unyoya wa bundi mkubwa niliouokota chini ya mti. Waonyeshe watoto wa darasa lako ukingo wake ulivyo na nyuzi laini, ndiyo maana bundi huruka bila kelele.

Nisalimie baba sana, na umsomee yote.

Mdogo wako,
Evodius


Kanyigo, Bukoba
2 Machi 1970

Evodius,

Marahaba. Sisi hatujambo. Mvua imetosha na kahawa imechanua. Goti la baba ni lile lile. Jirani yetu Dafrosa amepata mjukuu wa kiume. Mimi nimehamishiwa darasa la sita na fimbo imehama nami.

Barua zako za Oktoba, Desemba na Januari zimefika zote. Umeuliza mara mbili kwa nini nimekaa kimya. Nilikuwa natafuta maneno, sikuyapata, kwa hiyo nakuandikia bila kuyapata.

Unajua barua zako hufunguliwa sebuleni. Baba hukaa kwenye kiti chake, majirani huja na kahawa zao za kutafuna, nami husoma kwa sauti. Hiyo ndiyo fahari yake tangu uondoke. Ile ya Oktoba niliifungua hivyo hivyo, mbele ya watu kumi na mmoja. Nilipoikunjua, unyoya ukaanguka juu ya nyasi zilizotandikwa sebuleni, miguuni pa baba. Hakuna aliyehitaji kuambiwa ni wa ndege gani. Dafrosa aliinuka na kahawa mdomoni, akatoka. Wengine wakamfuata mmoja mmoja bila kuaga.

Akili yako uliiacha wapi, mdogo wangu? Unyoya wa bundi mtu huwekewa mlangoni na adui yake. Wewe umeutuma kwa stempu.

Baba hakugomba. Afadhali angegomba. Alisema unyoya uchomwe, na barua zako zisiingie tena ndani ya nyumba yake. Hizo nyingine nimezisomea shuleni, peke yangu.

Jitunze na baridi.

Dada yako,
Paskalia


Farsta, Stockholm
4 Aprili 1970

Dada yangu,

Shikamoo. Mpe Dafrosa hongera ya mjukuu. Hapa theluji bado imekaa kando ya njia, nyeusi kwa masizi, haitaki kwenda kwao.

Barua yako niliisomea kituoni, treni mbili zikanipita. Nimekosa. Nimekaa na watu wasiomwogopa bundi mpaka nikasahau kwamba natoka kwa watu wanaomwogopa. Mwambie baba nimekosa kuutuma bila kutanguliza neno, na mwambie nimeumia.

Lakini bundi siachi. Mwalimu wangu amekubali niandike kazi yangu ya mwisho juu yao: wanakaa wapi, wanakula panya wangapi, wanahama lini. Nimeanza, na mwanzo wake ni mzuri. Yuko Mkenya mmoja hapa, muuguzi anayekaa Jakobsberg, anaitwa Wamuyu. Kwao pia bundi ni nuksi. Mara ya kwanza kuja nasi msituni Wamuyu alijitanda kitambaa mpaka machoni. Sasa amejinunulia darubini. Wamuyu anasema woga wa kurithi ni kama nguo ya kurithi, unaivaa mpaka siku unapojitazama kwenye kioo. Kwa kweli Wamuyu ana maneno.

Hukuniambia kama watoto waliuona ule unyoya kabla haujachomwa.

Wako,
Evodius


Kanyigo, Bukoba
20 Agosti 1970

Mpendwa Evodius,

Marahaba. Hatujambo. Umemtaja Wamuyu mara nne katika aya moja. Mimi ni mwalimu, najua kuhesabu. Sikuulizi kitu.

Nyumbani mambo si mabaya ila si mazuri. Ng'ombe wa Dafrosa alikufa mwezi wa tano, na kila mtu alijua kwamba alikuwa amezeeka, lakini siku hizi hakuna kinachokufa kijijini kwa uzee. Kila kitu kimeuawa na ule unyoya. Kwenye pombe watu wanasema mtoto wa Mzee Anselmo anafuga bundi Ulaya. Baba haendi tena kwenye pombe.

Nisikilize vizuri. Mwakani unamaliza masomo. Mtoto aliyetoka mbali hutandikiwa nyasi mbichi sebuleni, na anayezikata ni baba yake kwa mkono wake. Asipokukatia utaingia kama mpita njia, utakunywa maji na kuondoka, na kijiji kizima kitakuwa kimesimama barabarani kinatazama. Nilimuuliza baba juzi kama atakukatia. Alichukua fimbo yake akaenda shambani.

Sasa nakuomba neno moja. Mwandikie kwamba ulikuwa unyoya wa kuku wa Kizungu. Mstari mmoja tu. Nitausoma mbele ya watu, na hao hao waliokimbia watacheka, na mambo yataisha. Baba anatafuta mlango wa kutokea, Evodius. Mpe.

Kuhusu unyoya, usiniulize.

Dada yako,
Paskalia


Farsta, Stockholm
8 Novemba 1970

Dada Paskalia,

Shikamoo. Senene ulizokaanga na kunitumia zimefika salama. Nilizila mbele ya wenzangu chuoni, nao, wasiojua kwamba panzi huliwa, wakanitazama kama ninyi mlivyoutazama unyoya. Mmoja alionja. Sasa ananiuliza kila siku zimebaki ngapi.

Habari ya kuku wa Kizungu siwezi. Nimejaribu mara tatu, kalamu imekataa. Baba mwenyewe alinichapa nikiwa na miaka minane kwa kusema nimefunga mbuzi kumbe sijamfunga. Nikirudi nyumbani kwa uongo, aliyerudi atakuwa ni mtu mwingine.

Badala yake soma hili. Jumamosi ya tarehe kumi na saba Oktoba tulikuwa kwenye msitu wa Jordbro. Safari hii alikuja mwandishi wa gazeti na mpiga picha wake, na Bwana Lindkvist alitaka sana kuwaonyesha yule bundi mdogo. Majira haya huimba wimbo wa kupanda, sauti juu ya sauti, kama mtu anayepanda ngazi. Ukimwigiza anakuja. Bwana Lindkvist akapiga mluzi, kimya. Akapiga tena mpaka mashavu yakawa mekundu, kimya. Mwandishi akaanza kufunga daftari lake.

Hapo nikamkumbuka baba. Unakumbuka alivyokuwa akiita kwale na njiwa kwa mdomo mtupu, na watu wakitoka Bugandika kuja kumsikiliza? Alinifundisha nikiwa nimekaa mabegani mwake. Nikalowesha midomo, nikapanda ile ngazi kama ambavyo yeye angeipanda. Mara ya pili, bundi akajibu. Mara ya tatu, akaja akatua kwenye tawi, hatua sita kutoka kichwani kwangu. Wamuyu alinishika mkono. Bwana Lindkvist alivua kofia.

Mwandishi akaniuliza nani amenifundisha. Nikajibu. Kipande cha gazeti ni hiki hapa, na chini yake nimeandika tafsiri: “Bwana Evodius anasema ufundi huu amefundishwa na baba yake, Mzee Anselmo wa Kanyigo, mwita ndege ambaye mfano wake haujapata kuonekana.” Dada, jina la baba limesomwa Stockholm nzima siku ya Jumapili. Yule mama mjane alinigongea mlango asubuhi akiwa na gazeti mkononi. Nilijisikia mrefu kuliko Bwana Lindkvist.

Sijui kwa nini baba aliacha kupiga mluzi. Niliporudi kutoka bweni mama alikuwa ameshazikwa, na tangu hapo sikuusikia tena. Mara ngapi nimekuuliza, nawe unanijibu habari za kahawa.

Wako,
Evodius


Kanyigo, Bukoba
14 Februari 1971

Mdogo wangu Evodius,

Marahaba. Afya ipo. Leo sina habari za kahawa.

Barua yako nilikaa nayo majuma matatu. Baba alisema barua zako zisiingie ndani ya nyumba, na mimi sijawahi kumvunjia neno. Lakini hakusema kitu juu ya uani. Basi Jumapili baada ya misa, yeye amekaa kwenye kiti chake karibu na mlango, mimi nikasimama nje, vidole vya miguu kwenye kizingiti, nikasoma kwa sauti ya darasani. Aliniambia niondoke. Nikamwambia, baba, barua iko nje. Akavuta fimbo yake karibu. Nikaendelea.

Nilipomaliza gazeti alisema, “Rudia hapo penye jina.” Nikarudia. Akasema nirudie tena. Mara ya tatu aliinamisha kichwa, na fimbo ikamwanguka, hakuiokota.

Sasa nitakuambia jambo alilonikataza, nami nimelibeba miaka minane. Mama alipokuwa na homa kitandani, jioni moja aliomba baba amchekeshe. Baba akatoka uani akaanza kuigiza ndege, mmoja baada ya mwingine, mama akisikiliza dirishani. Wa mwisho akamwigiza bundi. Bundi wa kweli akajibu kutoka kwenye migomba, akaja akatua juu ya paa la jikoni. Siku ya nne mama akafariki. Baba anaamini yeye ndiye aliyemwita. Hajapiga mluzi tangu jioni ile. Kumbe ulipotuma unyoya ulikuwa umeutuma kwa mtu ambaye, moyoni mwake, alikuwa akiungojea.

Ndiyo maana swali aliloniuliza Jumapili ile lilinikata maini. Alisema, “Anawaita, nao wanakuja?” Nikasema wanakuja, baba. Akasema, “Na nani amekufa?”

Akaniambia nikuulize, na uandike kweli tupu, maana mtoto aliyekataa habari ya kuku atamwamini. Nilikuwa nimemsomea na hapo pia.

Na mimi niseme yangu. Unyoya sikuuchoma. Nilichoma unyoya wa jogoo, baba akanusa moshi akaridhika. Ule wa kweli umo ndani ya daftari langu la mahudhurio, na darasa la sita wote wameushika, mmoja mmoja, wakaupunga hewani kusikiliza kama una kelele. Mjukuu mkubwa wa Dafrosa alirudi kwenye mstari ili aushike mara ya pili.

Dada yako,
Paskalia


Farsta, Stockholm
7 Machi 1971

Dada Paskalia,

Shikamoo. Nimelia, halafu nikanawa uso, halafu nikachukua daftari langu la msituni. Simama tena kizingitini, msomee baba haya.

Baba, shikamoo. Tangu Oktoba ile nimewaita bundi, na walionijibu ni sitini na wanne. Nimeandika kila mmoja, siku, saa na mti. Kikundi chetu ni watu tisa, na Wamuyu wa kumi. Hakuna aliyekufa. Bwana Lindkvist alivunjika kifundo cha mguu, lakini hilo ni kosa la viatu vyake, tulimwonya. Yule mama mjane ana miaka themanini na mmoja na bado ananipikia viazi. Nimeuliza pia nyumba tano zilizo ukingoni mwa msitu, ambako bundi hulia kila jioni. Kuna watoto, kuna wazee, kuna harusi moja. Bundi hujibu kwa sababu anadhani mwenzake ameingia kwenye eneo lake. Hajui habari zetu, baba. Hajui hata majina yetu.

Mama aliuawa na homa. Wewe ulitoka nje ukamwimbia. Nina swali moja, na wewe peke yako ndiye unayeweza kulijibu: alicheka?

Dada, narudi Desemba. Nimepewa kazi idara ya misitu nyumbani. Hapa waliniambia naweza kubaki, sikufikiri hata dakika. Huenda nikafuatana na mgeni. Usihesabu aya.

Wako,
Evodius


Kanyigo, Bukoba
28 Novemba 1971

Evodius wetu,

Marahaba, na pole kwa kungoja. Nilimsomea baba barua yako mwezi wa nne. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema nimwachie lile daftari la hesabu alikague kichwani mwake. Amelikagua miezi saba. Nilikuandikia kadi za salamu tu kwa sababu sikuwa na jibu, na sikutaka kukupa la kwangu.

Jibu limekuja juzi. Senene wameanguka mwaka huu mpaka tumewakanyaga. Ijumaa jioni uwanja wetu ulijaa watu na taa na madebe, Dafrosa na wajukuu wake wote, kila mtu ameinama. Mara mtoto mmoja akapiga kelele. Bundi alikuwa ametua juu ya paa la jikoni, pale pale. Wanaume wakaokota mawe. Dafrosa akavuta kijinga cha moto kutoka jikoni.

Baba alitoka ndani bila fimbo. Aliwapita wote akasimama chini ya paa. Yule bundi akaruka, akamdaka senene mmoja karibu na taa, akarudi mahali pake kumtafuna. Baba akamtazama, kisha akasema, “Mwacheni. Naye amekuja kula senene.”

Watu wakangoja. Baba akalowesha midomo. Mluzi wa kwanza ulitoka hewa tupu, na nikaona aibu kwa ajili yake. Wa pili ukatoka. Evodius, ni ule ule, haujazeeka hata kidogo. Bundi akageuza kichwa akamjibu, na mawe yakaanza kudondoka mikononi mwa watu, moja moja. Baba akamgeukia Dafrosa akamwambia, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, kwamba mwanawe anajibiwa na bundi sitini na wanne katika nchi ya baridi, na imeandikwa gazetini, na jina lililoandikwa pale ni lake. Dafrosa akauliza gazeti liko wapi. Baba akaniamuru niliingize ndani. Leo limebandikwa ukutani juu ya kiti chake, na aliyelibandika kwa ugali wa muhogo ni Dafrosa. Chini yake nimechomeka unyoya. Baba aliuona, akanitazama, akasema yule jogoo wa mwaka juzi alinuka sana.

Jana alfajiri nimemkuta kwenye nyasi za bondeni na goti lake bovu, anapigilia vigingi ng'ombe wasipite. Anataka zikue, zikatwe siku utakayofika. Nilimwambia kipande kile kinatosha sebule mbili. Akajibu kwamba hata yeye anajua kuhesabu, na huyo mgeni wa kutoka Kenya hawezi kukaa kwenye udongo.

Halafu akasema, bila kuinua uso kutoka kwenye kigingi, “Mwandikie mwanangu. Mama yake alicheka mpaka nilipoingia akanishikilia shingo.”

Ukifika kwenye mgomba wa kwanza, usibishe hodi. Piga mluzi. Anataka kukusikia kabla hajakuona.

Dada yako,
Paskalia